Je, Msitu Ndio Uletao Mvua? Mafunzo kutoka Milima ya Usambara Mashariki

"Misitu huleta mvua." Sentensi hii fupi huandikwa ubaoni, husomwa redioni na hurudiwa katika hotuba kila siku ya kupanda miti inapowadia. Si sentensi ya uongo, lakini pia haibebi ukweli wote. Mwanafunzi makini aweza kumwuliza mwalimu wake: ikiwa msitu ndio uletao mvua, je, mvua iliyoukuza msitu wa kwanza ililetwa na nini?

Swali hilo si la mzaha. Mwananchi aliyeambiwa kwamba akikata msitu mvua itakoma, kisha akaukata na bado mvua ikanyesha, atahesabu kwamba wataalamu walimdanganya, wala hatawasikiliza tena watakapomweleza hasara ambazo kweli zinamjia. Basi ni wajibu wa somo la sayansi kupambanua ni kipi kifanywacho na msitu na kipi kisichofanywa nao. Milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, ni darasa zuri la kazi hiyo.

Bahari, upepo na mlima

Usambara Mashariki ni safu ndogo ya milima iliyosimama umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Bahari ya Hindi. Kilele chake kirefu, Nilo, hakizidi sana mita 1,500. Kituo cha Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani ya mimea mwaka 1902, kiko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi. Wastani wa joto hapo ni kama nyuzi 20 za Selsiasi, na mvua ya mwaka ni kama milimita 1,900. Mjini Tanga, palipo ufukweni, mvua haizidi sana milimita 1,300. Na katika mbuga zilizo upande wa bara, nyuma ya Usambara zote mbili, mvua haifiki hata nusu ya ile ya Amani, na mimea yake ni vichaka vya miiba.

Tofauti hizo hazikuletwa na miti. Zimeletwa na umbo la nchi. Pepo za kusi na kaskazi, ambazo mabaharia wa pwani wamezitumia kwa karne nyingi, huvuka bahari yenye joto na kubeba mvuke mwingi. Zikifika kwenye mlima hazina njia ila kupanda. Hewa ipandayo hutanuka kwa sababu kanieneo hupungua, na hewa inayotanuka hupoa, kiasi cha nyuzi 1 kwa kila mita 100 kabla mvuke haujaanza kugeuka matone.

Tuchukue mfano. Hewa ya pwani ina joto la nyuzi 28, na ingeanza kutoa umande kama ingepozwa hadi nyuzi 22. Tofauti ni nyuzi 6. Ikipandishwa mlimani, tofauti hiyo hupungua kwa nyuzi 1 katika kila mita 125 hivi, kwa kuwa kiwango cha umande nacho hushuka kidogo hewa inapopanda. Zidisha 6 kwa 125, upate mita 750. Hapo ndipo wingu litakapoanza. Amani iko juu ya kiwango hicho. Ndiyo maana asubuhi nyingi mwenyeji wa huko huamka ndani ya ukungu ilhali Muheza, bondeni, kuna jua. Hewa ikishavuka kilele na kushuka upande wa pili, hupata joto tena, mawingu huyeyuka, na nchi ya nyuma hubaki kavu.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: mvua nyingi ya Usambara Mashariki huletwa na bahari, hubebwa na upepo, na huangushwa na mlima. Msitu upo kwa sababu ya mvua.

Mvua inayozunguka

Je, hapana mahali ambapo msitu hujiletea mvua yake? Papo. Katika bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, hewa ya Atlantiki husafiri kilomita zipatazo 3,000 juu ya misitu kabla ya kuifikia milima ya Andes. Kama mvuke wote ungetoka baharini tu, mvua ingepungua mno kila unapoingia bara. Haipungui hivyo.

Mwaka 1979 mwanasayansi wa Brazil, Eneas Salati, pamoja na wenzake, walieleza sababu yake kwa kupima oksijeni iliyomo katika maji ya mvua. Baadhi ya atomi za oksijeni ni nzito kuliko nyingine, na maji yenye oksijeni nzito hutangulia kudondoka. Wingu linalosafiri bila kuongezewa mvuke hubaki na oksijeni nyepesi zaidi na zaidi. Lakini mvua ya ndani ya Amazon haikuwa nyepesi kama ilivyotazamiwa. Maana yake, mvua iliyokwisha kunyesha ilikuwa ikinyonywa na mizizi, ikatolewa na majani kama mvuke, ikarudi mawinguni na kunyesha tena. Watafiti hao walikadiria kwamba karibu nusu ya mvua ya bonde hilo hupatikana kwa mzunguko huo. Bonde la Kongo nalo hupata sehemu kubwa ya mvua yake kwa njia kama hiyo.

Hapa ndipo ukubwa unapokuwa na maana. Kinachowezekana juu ya msitu wa maelfu ya kilomita hakiwezekani kwa kiasi hicho hicho juu ya kisiwa cha msitu kilichoko mwendo wa saa chache za upepo kutoka baharini. Mvuke utolewao na miti ya Amani huchukuliwa na upepo na kupelekwa kwingine. Sentensi "misitu huleta mvua" ina nguvu huko Kongo na Amazon. Usambara inahitaji kusemwa kwa namna nyingine.

Kazi ya msitu wa mlimani

Ikiwa msitu wa Usambara hauleti mvua nyingi, basi wafanya nini? Wafanya mambo matatu.

La kwanza ni kuvuna ukungu. Wingu linalopita chini chini lina matone madogo mno yasiyoweza kuanguka yenyewe. Yakigusa majani, matawi, kuvumwani na nyuzi za mimea inayoota juu ya miti, hunasa, huungana na kudondoka. Chombo cha kupimia mvua kilichowekwa uwanjani hakiyaoni maji hayo, lakini udongo ulio chini ya mti huyapata. Ukiukata msitu, ukungu hupita na kwenda zake.

La pili ni kutuliza joto na ukavu. Chini ya paa la msitu, mwanga unaofika ardhini aghalabu ni asilimia 1 au 2 tu ya ule uangazao juu. Mchana wa jua kali, kilele cha mti mrefu huwa katika upepo na joto, ilhali ardhi iliyo mita 40 chini yake ina ubaridi na hewa iliyokaribia kujaa mvuke. Katika hatua za mti mmoja tu mna tabia nchi kadhaa, moja juu ya nyingine, kama nyumba ya ghorofa.

La tatu, nalo labda ndilo kubwa kuliko yote, ni kuupokea mvua udongo. Tone la mvua ya masika huanguka kwa nguvu. Likikuta ardhi tupu huipiga, chembe ndogo za udongo huziba vinyweleo vya ardhi, na maji hutiririka juu juu yakibeba udongo. Likikuta msitu huvunjwa nguvu na majani, hupokewa na takataka zilizooza, kisha huingia katika mashimo yaliyotobolewa na mizizi, mchwa na nyungunyungu. Maji yaliyoingia ardhini husafiri polepole na kutokea kwenye chemchemi wiki au miezi baadaye, wakati wa kiangazi.

Mwalimu hapaswi kusimama hapo, maana msitu nao hunywa maji, tena mengi. Majaribio yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Mbeya na Kericho yalilinganisha mabonde yenye msitu na mabonde yaliyolimwa. Mbeya, bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi mtoni kuliko bonde la msitu, hata wakati wa kiangazi. Kericho, mahali ambapo msitu uliondolewa kwa uangalifu na kupandwa chai, mito haikuharibika kama ilivyohofiwa.

Je, matokeo hayo yanaivunja hoja? La, yanaifafanua. Udongo wa Mbeya umetokana na majivu ya volkano. Huyanywa maji haraka hata baada ya kulimwa. Na chai ya Kericho ilipandwa kwa kufuata kontua na kuwekewa mifereji, ikafunika ardhi. Hatari kubwa hutokea pale udongo unaposhindwa kunywa maji: unapokanyagwa na mifugo, unapochomwa moto, unapoachwa wazi kwenye mteremko mkali. Hapo maji ya mwaka mzima yaweza hata kuongezeka, lakini huja yote kwa pamoja kama gharika yenye tope, na kiangazi kikifika mto huwa kokoto tupu.

Utajiri juu ya ardhi maskini

Mgeni aonapo mkani na mtambara zilivyonenepa husadiki kwamba udongo wa Amani una rutuba isiyokwisha. Amekosea. Miamba ya Usambara ni ya kale sana, na mvua ya mamilioni ya miaka imekwisha kuzichuja chumvi zake na kuzipeleka baharini. Udongo uliobaki ni mwekundu, una asidi nyingi, na ni haba wa fosforasi na kalsiamu.

Basi msitu waishi kwa nini? Waishi kwa kutopoteza. Jani likianguka, kuvu, bakteria na wadudu hulivunja mara moja kwa kuwa kuna joto na unyevu mwaka mzima. Mizizi myembamba iliyotandaa juu juu, ikisaidiwa na kuvu wanaoishi pamoja nayo, huichukua chumvi kabla mvua haijaizamisha. Hazina ya msitu haiko ndani kabisa ya ardhi. Imo katika miti yenyewe na katika tabaka jembamba la mboji. Ni kama duka lisilo na ghala: bidhaa zote ziko mikononi mwa wanunuzi.

Wakulima wa iliki wanaijua habari hii kwa uzoefu. Iliki ilipandwa chini ya miti mikubwa baada ya kufyeka vichaka. Miaka ya mwanzo ilizaa vizuri, bei yake ilikuwa nzuri, na watoto wengi walisomeshwa kwa iliki. Kisha mavuno yalipungua, mche wa mti haukupata nafasi ya kukua, miti mikubwa ilizeeka bila mrithi, na shamba likageuzwa kuwa la mihogo au migomba. Kisha ilibidi kutafuta kipande kingine cha msitu.

Kisiwa cha kale

Usambara Mashariki ni kiungo kimoja cha mnyororo uitwao Tao la Mashariki, wenye milima kumi na mitatu, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa na Mahenge. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2007, misitu ya milima hiyo yote ilikadiriwa kuwa na kilomita za mraba 3,300 tu, chini ya asilimia 30 ya ile inayodhaniwa kuwapo zamani. Hata hivyo katika eneo hilo dogo walihesabiwa wanyama wenye uti wa mgongo wa aina 96 wasiopatikana penginepo duniani, pamoja na mimea ya aina zisizopungua 800 ya namna hiyo.

Sababu ni utulivu. Wakati barafu ilipofunika nchi za kaskazini, miaka 20,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu yake ikasinyaa. Lakini bahari iliyo jirani na Tao la Mashariki haikubadilika sana joto lake, na upepo uliendelea kuleta unyevu. Chembe za chavua zilizohifadhiwa katika matope ya kinamasi cha milima ya Uluguru zinaonyesha kwamba msitu uliendelea kuwapo huko kwa zaidi ya miaka 40,000. Viumbe waliokufa kwingine walipata hifadhi hapa. Na kwa kuwa kila mlima umezungukwa na nchi kavu, kila kundi lilibadilika kwa njia yake.

Mfano maarufu ni ua dogo la zambarau lililopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, ambalo sasa hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mmea wake wa asili huota juu ya miamba yenye kivuli na unyevu ya Usambara na sehemu chache nyingine za Tanzania na Kenya.

Mfano wa pili ni vyura wa jenasi Nectophrynoides, wapatikanao Tanzania pekee. Hawa hawatagi mayai majini. Huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Mmoja wao aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko ya maji, katika eneo la hekta chache tu. Mwaka 2000, baada ya maji mengi ya mto kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua. Vyura wakatoweka, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba spishi hiyo imekwisha porini. Iliokoka kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa kufugwa Marekani. Walirejeshwa nchini mwaka 2010, na kuanza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Mvua ya Udzungwa haikubadilika. Kilichobadilika ni unyevu wa mahali padogo.

Yaliyoupata msitu

Msitu wa Usambara Mashariki umepunguzwa kwa awamu. Wajerumani walifungua mashamba ya kahawa, na baadaye chai ikachukua nafasi kubwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 uvunaji wa mbao kwa mitambo uliingia ndani ya misitu ya hifadhi. Ulisimamishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, baada ya uchunguzi kuonyesha madhara yake.

Adui mwingine aliingia kimya kimya. Mti uitwao musizi huko Uganda, yaani Maesopsis eminii, uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa majaribio. Hukua upesi na hupenda mahali penye mwanga. Hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu, na kila palipokatwa mti mkubwa musizi uliwahi kufika. Jeraha lililofunguliwa na msumeno likazibwa na mgeni.

Tena kuna hasara ya kugawanyika. Utafiti wa ndege wa chini ya msitu, uliofanywa na William Newmark katika milima hiyo tangu mwaka 1987, umeonyesha kwamba vipande vidogo vilivyo mbali na msitu mkubwa vimepoteza spishi nyingi. Ndege aliyezoea kivuli havuki shamba la chai, hata kama msitu wa pili unaonekana kwa macho. Na kwenye ukingo wa kipande, jua na upepo huingia ubavuni, hewa hukauka, na ile nyumba ya ghorofa hubomoka kuanzia pembeni.

Mwaka 1997 serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Katika miaka ya 2000 msitu wa Derema uliwekwa akiba ili kuunganisha vipande vya msitu, na zaidi ya wakulima 1,000 waliokuwa na iliki humo walilazimika kuacha mashamba yao kwa fidia. Jambo hili halina budi kufundishwa pamoja na habari za ndege na vyura. Faida ya msitu humfikia mtu wa mbali aliyefungua bomba mjini. Gharama huangukia familia iliyo karibu nao. Mto Zigi, unaotoka katika milima hii, ndio unaolijaza bwawa la Mabayani na kuwapa maji wakazi wa Tanga. Kila ndoo ya tope inayoshuka mlimani hula nafasi ya maji bwawani, na maji machafu ni ghali kuyasafisha. Hifadhi isiyomhesabu mkulima wa mteremkoni haiwezi kudumu.

Jaribio kwa shule

Shule yoyote, hata iliyo mbali na Usambara, yaweza kupima kazi ya udongo wa msitu. Chukua makopo mawili yanayolingana, yakate vitako. Gongomelea moja chini ya miti palipo na majani yaliyooza, na la pili kwenye uwanja uliokanyagwa, kila moja liingie ardhini sentimita 5. Mimina lita moja ya maji katika kila kopo na kupima muda ambao maji yanachukua kuzama. Rudia mara tatu, mahali tofauti, utafute wastani. Pima pia joto la hewa saa 8 mchana, kivulini mwa mti mmoja uliosimama peke yake na katikati ya kichaka cha miti mingi, kipimajoto kikiwa mita moja juu ya ardhi bila kuguswa na jua. Andika matokeo katika jedwali na kuyajadili: ni kipi kati ya vilivyopimwa kingebadilika mara tu miti ikikatwa, na kipi kingebadilika baada ya miaka?

Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo ataweza kuisahihisha sentensi ya ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Katika mabonde makubwa ya Kongo na Amazon, msitu hurudisha mvua angani. Katika mlima mdogo ulio karibu na bahari, mvua huletwa na upepo, na msitu huipokea, huituliza na kuigawa kwa miezi yote ya mwaka. Mvua yaweza kuendelea kunyesha juu ya Usambara hata siku ambayo hautabaki mti. Lakini haitakuwa tena ile mvua ijazayo chemchemi mwezi wa Februari.